Kukagua chuo cha sanaa katikati ya jiji: nendeni siku ya kazi, muingie karakana

Mkuu, umeuliza kama kuna maana yoyote kutumia siku mbili kwenda kukiona chuo cha sanaa kabla binti yako hajatuma maombi. Umesema chuo kiko katikati ya jiji kubwa, hakina geti wala uzio, majengo yametawanyika mitaani, na binti anavutwa na uchoraji na uchongaji lakini bado hajachagua. Wengine wamekujibu kwamba picha za mtandaoni zinatosha. Mimi nasema nendeni. Nilisoma uchapaji na uchongaji kwenye chuo cha aina hiyo, na nikiwa mwanafunzi nilifanya kazi ya kuwatembeza wageni wa ofisi ya udahili. Baadaye nimewasindikiza wadogo zangu na watoto wa ndugu kwenye vyuo vingine. Kwa hiyo ziara hizi nazijua kwa upande wa anayetembezwa, na pia kwa upande wa anayeelekezwa apitishe watu wapi.

Njia ya wageni hupangwa. Huanzia ukumbi wa maonyesho, hupita maktaba, huingia maabara mpya ya kompyuta, kisha huishia ofisini mnakopewa vipeperushi. Hakuna uongo katika njia hiyo, ila kazi yenyewe haifanyikii huko. Binti yako akikubaliwa ataishi miaka mitatu au minne studio na karakana, akiwa na vumbi mikononi, akisubiri zamu ya mashine, akisikiliza wenzake wakiichambua kazi yake. Ndiyo maana nasisitiza mpange ziara kufuata mahali kazi inakofanyika, saa inapofanyika, na watu wanaoifanya. Majengo mazuri mtayaona tu mkipita.

Anzeni na kalenda. Wiki mbili za kwanza za muhula kuta huwa tupu kwa sababu wanafunzi ndio kwanza wanapewa mazoezi. Wiki ya mwisho watu hawalali, fundi hana dakika ya kujibu maswali, na karakana nyingi huachiwa wanaomaliza. Likizo msiifikirie kabisa. Wakati mzuri ni katikati ya muhula, kati ya Jumanne na Alhamisi, maana vyuo vingi hupunguza vipindi Ijumaa. Kumbuka pia kwamba kipindi cha studio huchukua saa tatu, na kwingine hadi sita mfululizo. Mkifika mwanzoni mtamkuta mwalimu anatoa maelekezo. Mkifika katikati mtawakuta watu wameinamia kazi, na hapo ndipo pa kuona.

Siku za wageni ambazo vyuo huzitangaza sizipingi. Zina faida kwa maswali ya udahili na ufadhili, kwa sababu maofisa wote huwa wamekaa mahali pamoja. Lakini siku hiyo karakana husafishwa, kazi dhaifu hushushwa ukutani, na wanafunzi mnaokutana nao wamechaguliwa. Kama tarehe hiyo ndiyo pekee mnayoweza, bakini hadi kesho yake mrudi wenyewe.

Kuna tarehe ya aina nyingine ambayo naithamini sana, nayo ni maonyesho ya mwisho wa mwaka. Vyuo vya sanaa vya Ujerumani vina desturi ya kufungua studio zote kwa siku chache, tukio linaloitwa Rundgang. Chuo kikuu cha sanaa cha Berlin hulifanya Julai, na akademia ya Düsseldorf hulifanya mwishoni mwa muhula wa majira ya baridi. Mnatembea darasa hadi darasa, wanafunzi wamesimama karibu na kazi zao, na mnaweza kuuliza chochote. Vyuo vya Uingereza navyo huonyesha kazi za wanaohitimu kuanzia Mei na kuendelea. Hapo mtaona mwanafunzi anafika wapi baada ya miaka yake yote. Ila hamtaona namna alivyofika, na kwa mtu ambaye bado hajachagua kati ya uchoraji na uchongaji, hiyo namna ndiyo ya kuangalia. Kama mtaweza safari moja tu, chagueni siku ya kawaida ya masomo.

Sasa jiji. Watu husema “chuo cha mjini” kana kwamba vyote vinafanana, kumbe tofauti ni kubwa. School of the Art Institute of Chicago, kilichoanza mwaka 1866, kimetawanya vyumba vyake katika majengo marefu ya katikati ya Chicago. Mwanafunzi anavuka barabara na kupanda lifti kutoka somo moja kwenda jingine. Pratt Institute ya Brooklyn, iliyoanza 1887, iko mjini vilevile lakini ina eneo lake lenye uzio, bustani na sanamu za nje. Central Saint Martins ya London ilihamia mwaka 2011 kwenye ghala la nafaka la mwaka 1852 pale King's Cross, kwa hiyo idara zake nyingi zimekusanyika chini ya paa moja. Maisha ya mwanafunzi katika vyuo hivyo vitatu hayafanani hata kidogo, ingawa vyote vinatajwa kuwa vya mjini.

Kwa chuo kilichotawanyika, kama hicho chenu, kosa la kupanga ni rahisi sana. Ziara ya jumla huanzia jengo la udahili na kuzunguka majengo mawili matatu ya karibu. Idara ya uchongaji, kwa sababu ya kelele, moshi na uzito, mara nyingi iko jengo jingine kabisa, wakati mwingine mtaa mwingine. Mnaweza kumaliza ziara nzima bila kuiona. Kwa hiyo kabla hamjaweka nafasi, tafuteni anwani ya jengo la kila idara mnayoitaka, ziwekeni kwenye ramani, mpime muda wa kutembea kati yake kwa miguu. Kisha mwandikieni mratibu wa idara moja kwa moja, mbali na fomu ya udahili. Barua iwe fupi na aiandike binti mwenyewe: mimi ni nani, natarajia kuomba mwaka gani, tutakuwa mjini tarehe fulani, naomba kuona karakana ikiwa inatumika, kukaa pembeni ya darasa kwa nusu saa, na kuzungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tumeni wiki tatu au nne kabla. Nilipokuwa upande ule, barua za namna hiyo zilijibiwa haraka, maana waratibu hufurahi mtu anapotaka kuona kazi.

Nimetaja mwaka wa pili kwa makusudi. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kufika, na wa mwisho ana mawazo ya kuondoka. Wa mwaka wa pili ameshajua ahadi zipi zilitimia na zipi hazikutimia.

Tuingie karakana, maana hapa ndipo nataka mtumie muda wenu mwingi.

Kitu cha kwanza ni hewa. Simameni mlangoni mwa studio ya rangi za mafuta mvute pumzi. Kama harufu ya tapentaini inawapiga usoni, mwulizeni fundi hewa inatolewa vipi na mara ngapi mfumo unakaguliwa. Angalieni kama kuna ndoo ya chuma yenye mfuniko kwa ajili ya matambara. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuungana na oksijeni, na yakiungana nayo hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa kwenye kapu la taka yanaweza kuwaka yenyewe usiku bila mtu kuyagusa. Studio inayoendeshwa vizuri huimwaga ndoo hiyo kila siku. Ukiona matambara yamerundikana kwenye pipa la plastiki, umejifunza jambo kuhusu chuo ambalo hakuna kipeperushi kitakachokuambia.

Kwenye ufinyanzi tazameni sakafu. Vumbi la udongo mkavu na la malighafi za kung'arishia lina silika, na silika ikivutwa kwa miaka huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Ndiyo sababu karakana nzuri ya ufinyanzi hupigwa deki kwa maji na sponji, na ufagio mkavu hauruhusiwi. Ulizeni tanuri ziko ngapi, zinafika nyuzi ngapi, na nani anaruhusiwa kupakia. Vyombo vya udongo mgumu vinahitaji nyuzijoto kama 1,200 hadi 1,300 za Selsiasi. Chuo chenye tanuri ndogo ya umeme peke yake kitambana mwanafunzi anayetaka kujenga vitu vikubwa. Na ulizeni foleni ya tanuri ina urefu gani katikati ya muhula. Mwanafunzi atawajibu kwa uwazi kuliko mtu wa ofisi.

Kwenye uchongaji, pimeni mlango. Nasema kweli, chukueni futi ya kupimia. Ulizeni lifti ya mizigo iko wapi, ina ukubwa gani, na funguo anazo nani. Majengo ya katikati ya jiji mengi yalijengwa kuwa ofisi, maduka au maghala, kisha yakageuzwa. Studio ikiwa ghorofa ya saba na lifti ya mizigo ikawa inafanya kazi siku za wiki tu, ukubwa wa kazi za wanafunzi hupungua taratibu hata bila wao kutambua. Nimeona madarasa ambamo kila sanamu ilikuwa na kimo kilekile, nikajua kimo hicho kilitoka kwenye mlango wa lifti. Ulizeni pia kazi kubwa hulala wapi baada ya kutathminiwa. Mjini nafasi ni ghali, na vyuo vingine huwapa wanafunzi siku chache tu waondoe kazi zao, la sivyo hutupwa.

Halafu mwanga. Kwenye nchi za kaskazini ya ikweta, madirisha ya studio za uchoraji yakielekea kaskazini huleta mwanga uliotulia siku nzima, kwa sababu jua haliingii moja kwa moja. Kwa nchi za kusini ni kinyume chake. Studio nyingi za mjini hazina bahati hiyo, zina taa za dari. Hilo si baya likifanywa kwa uangalifu. Angalieni kama taa zote ni za rangi moja, na kama mwanafunzi akiinua kanvasi yake rangi zinabadilika anapoipeleka dirishani.

Swali la nafasi binafsi msiliache. Katika vyuo vingine kila mchoraji hupata kona yake na ukuta wake tangu mwaka wa kwanza. Kwingine hadi mwaka wa tatu. Kwingine studio hutumiwa kwa zamu na kila jioni unabeba vitu vyako kwenye kabati. Ulizeni kona hiyo ina upana gani, na ombeni kuonyeshwa ya mtu halisi. Ulizeni mlango unafungwa saa ngapi usiku, na kama mashine zinafungwa mapema kuliko studio, kwa sababu fundi akiondoka saa kumi na moja jioni, msumeno nao umelala.

Na huyo fundi, mpeni heshima ya dakika kumi. Mhadhiri maarufu anayetajwa kwenye tovuti anaweza kuwa anafika mara moja kwa wiki, lakini fundi wa karakana yuko pale kila siku, na ndiye atakayemfundisha binti yako kuchomelea, kumwaga plasta na kuandaa jiwe la kuchapia. Mwulizeni mwanafunzi anahitaji mafunzo gani kabla ya kugusa mashine, na kama wa idara nyingine wanaruhusiwa kuingia. Kwa mtu anayesitasita kati ya uchoraji na uchongaji, jibu hilo la pili lina uzito kuliko sifa zote za chuo. Kuna vyuo ambavyo mchoraji anaweza kuingia karakana ya mbao wakati wowote akishapata mafunzo, na kuna ambavyo kila idara imejifungia.

Moto nao uulizwe bila kuona haya. Jengo la Mackintosh la Glasgow School of Art, lililokamilika mwaka 1909 na kupendwa na wasanifu majengo duniani kote, liliungua Mei 2014 wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipokuwa wakiandaa maonyesho yao. Uchunguzi ulionyesha kwamba gesi ya povu la kujaza nafasi ilishika moto ilipogusana na projekta iliyokuwa ya moto. Maktaba yake iliteketea. Likiwa bado linakarabatiwa, likaungua tena Juni 2018, vibaya zaidi. Majengo ya zamani yana uzuri wake, nami nayapenda, lakini ulizeni vinyunyizio vya maji vipo au havipo, na angalieni kama milango ya dharura imezibwa na kazi za watu.

Sasa kikao cha kukosoa kazi. Mkiruhusiwa kukaa pembeni mwa kimoja, hicho pekee kinatosha kuhalalisha safari. Wanafunzi hutundika kazi ukutani, wanasimama mbele ya moja, wanaisema. Sikilizeni nani anazungumza. Kama ni mwalimu peke yake, basi wanafunzi hawafundishwi kuona. Sikilizeni kama maneno yanahusu kazi au yanamhusu mtu. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mwanafunzi alitoka analia bila kujua afanye nini kesho yake, na kwenye vingine ambavyo kazi ilipigwa vikali zaidi lakini mwenye kazi alitoka mbio kurudi studio kwa sababu alikuwa ameshajua pa kuanzia. Ukali haunitishi, maneno yasiyo na njia ya mbele ndiyo yananipa shaka. Hesabuni pia muda. Wanafunzi ishirini kwa saa tatu ni dakika tisa kila mmoja.

Mwalimu ana uzito wa pekee katika akademia za Ujerumani, ambako mwanafunzi, baada ya kipindi cha mwanzo, huchukuliwa na profesa mmoja na kubaki kwenye darasa lake kwa miaka. Bernd Becher alianza kufundisha upigaji picha Düsseldorf mwaka 1976, na kutoka darasa lake wakatoka Andreas Gursky, Candida Höfer, Thomas Ruff na Thomas Struth. Jengo lilikuwa lilelile kwa wanafunzi wote wa akademia. Kilichowatofautisha ni chumba walichokaa na mtu aliyewakosoa. Kwa hiyo kama mtafikiria huko, msikague akademia kwa ujumla, kagueni darasa. Kwingineko mfumo huwa huru zaidi, lakini bado ulizeni ni nani hasa anafundisha mwaka wa kwanza, na kama ameajiriwa wa kudumu au anapewa mkataba wa muhula.

Mkitoka ndani, mtumie jioni ya siku ya kwanza kujifunza jiji. Tembeeni njia ambayo binti ataipita kutoka studio hadi hosteli, saa ile ambayo atakuwa akiipita kweli, yaani saa nne au tano usiku. Angalieni taa za barabarani, angalieni kama kuna watu. Kwenye vyuo vya Marekani, sheria ya Clery ya mwaka 1990 inavilazimisha kuchapisha kila mwaka, kufikia tarehe 1 Oktoba, taarifa ya uhalifu ya miaka mitatu iliyopita, pamoja na ule uliotokea barabara za umma zinazopakana na majengo yao. Kwa chuo kisicho na uzio taarifa hiyo ina faida kubwa, na mnaweza kuisoma kabla ya safari. Ulizeni pia kama kuna basi la chuo au mlinzi wa kumsindikiza mtu usiku, na mwanafunzi wa kike awaambie kama huwa wanakuja wakiitwa.

Kuna jaribio dogo ninalowafanyisha wote ninaowasindikiza. Bebeni jalada la kubebea michoro la ukubwa wa A1, ambalo ni sentimita 84 kwa 59, mpande nalo treni au basi saa ya msongamano. Upepo kati ya majengo marefu hulivuta, geti za stesheni ni nyembamba, watu hukasirika. Baada ya dakika ishirini mnajua kama hosteli ya mbali yenye kodi nafuu inafaa kwa mchoraji, au kama hela itakayookolewa italipwa kwa njia nyingine.

Lakini jiji lisiwe la kuogopwa tu. Ndilo linalotoa sababu ya kusoma pale. Mwanafunzi wa Chicago anaingia bure kwenye jumba la makumbusho la Art Institute, hatua chache kutoka darasani, akasimama mbele ya mchoro halisi kabla ya kipindi. Rhode Island School of Design ya Providence ina jumba lake la makumbusho, na pia ina Nature Lab, iliyoanzishwa na mwalimu Edna Lawrence mwaka 1937, ambapo mwanafunzi hukaa na kuchora mifupa, makombe na ndege waliokaushwa. Ulizeni chuo chenu kina mapatano gani na majumba ya jiji, na muhimu zaidi, waulizeni wanafunzi walienda lini mara ya mwisho. Nafasi ambayo haitumiki haina tofauti na isiyokuwepo.

Kuhusu potifolio, yaani mkusanyo wa kazi za binti: ichukueni, ila msiingie nayo kila mahali. Vyuo vingi huomba kazi kati ya 10 na 20 na vingi hutoa nafasi ya kuzipitia kabla ya maombi. Marekani kuna mikutano ya National Portfolio Day ambapo vyuo vingi hukaa ukumbi mmoja, na vyuo kadhaa vya Ujerumani hupanga siku za ushauri wa potifolio. Ombeni nafasi hiyo iwe siku ya pili ya ziara, baada ya binti kuona kazi za wenyeji. Abebe kazi chache halisi, picha nzuri za zile kubwa, na daftari lake la michoro. Daftari lisisahaulike. Wanaopitia kazi hulishika kabla ya kitu kingine kwa sababu linaonyesha mtu anavyofikiri asipotazamwa. Na michoro ya kuangalia kitu halisi iwepo, kwa sababu kunakili picha ya simu hakumwonyeshi msomaji jicho la mchoraji.

Hapo, mkuu, nakuomba kwa heshima: kaa nje. Najua unalipa ada na una haki ya kuuliza. Uliza kwenye ofisi ya fedha, uliza kwenye hosteli, uliza kuhusu bima na usalama. Lakini mbele ya kazi, mwache binti aseme mwenyewe, hata akikwama. Nilipokuwa nikitembeza wageni niliona mara nyingi mzazi akijibu kwa niaba ya mtoto, na mhadhiri akafunga jalada mapema kwa adabu tu.

Fedha nitaigusa kwa ufupi lakini msiipuuze. Vyuo vya sanaa vinavyojitegemea, hasa vidogo, vimekuwa na wakati mgumu. San Francisco Art Institute, kilichoanzishwa 1871 na chenye mchoro wa ukutani wa Diego Rivera wa mwaka 1931, kilifunga mwaka 2022. University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza mwisho wa Mei 2024 kwamba ingefunga tarehe 7 Juni, yaani wiki moja tu, na wanafunzi wakabaki kutafuta pa kuhamia. Cooper Union ya New York, iliyosomesha bila ada kwa zaidi ya karne moja, ilianza kutoza mwaka 2014. Kwa hiyo ulizeni waziwazi: ithibati ya chuo inaisha lini, idadi ya wanafunzi imepanda au imeshuka, na kuna mpango gani wa kuwahamisha wanafunzi chuo kikifunga. Ofisa mwaminifu hatachukia swali hilo. Pia ulizeni gharama ya vifaa kwa mwaka wa kwanza ikiwa imetenganishwa na ada, kwa sababu kanvasi, rangi, udongo na shaba havimo kwenye ada vyuo vingi.

Namna ya kugawa siku zenyewe naiona hivi. Siku ya kwanza asubuhi fanyeni ziara ya jumla ili mjue njia, mchana muingie uchoraji, jioni mtembee jiji. Siku ya pili asubuhi iwe ya uchongaji na karakana, kisha kikao cha kukosoa kazi kama mmepata ruhusa, halafu potifolio. Msijaze kila saa. Muda ambao hamna miadi, kaeni ngazini au kwenye korido ya idara. Someni matangazo ukutani: nani anauza kanvasi, maonyesho gani wanafunzi wameyaandaa wenyewe, nani analalamikia nini. Korido ile ambayo hakuna aliyeipangia wageni ina habari nyingi.

Binti asipige picha za kazi za watu bila kuwaomba. Bora achore. Mwambie aketi studio mbili tofauti, achore kila moja kwa nusu saa, mashine, dirisha, watu wanavyosimama. Mtu akichora mahali huona vitu ambavyo jicho la mgeni linaruka, na usiku mnapolinganisha ile ya uchoraji na ile ya uchongaji, mara nyingi mchoro wenyewe huonyesha ni chumba kipi alitamani kubaki.

Mkirudi, ndani ya siku mbili tatu amwandikie mratibu na fundi kuwashukuru, na katika barua hiyohiyo aulize lile ambalo halikujibiwa vizuri, hasa kuhusu nafasi ya studio na ruhusa ya kuvuka idara. Jibu la maandishi mlihifadhi, mtalihitaji wakati wa kuchagua. Na kama hujali, niandikie hapa mnapanga kwenda mwezi gani na kama idara zote mbili ziko jengo moja au tofauti, nikusaidie kupanga saa.